Kisichotokea Siku ya Ijumaa

Kisangani, mtaa wa Tshopo, 4 Februari 2001

Mama yangu Karima,

Assalaam alaikum. Huku tunaamka salama. Tundu la paa tuliloachiwa na mizinga ya mwaka jana nimeliziba kwa bati kuukuu, na mvua ya juzi haikuingia ila kidogo, upande wa kabati. Shangazi yako Nyota anakusalimu. Magoti yangu yananung'unika, nami nayaacha yanung'unike. Wewe, habari za baridi ya Liège? Kile kikohozi kimekwisha? Unakula chakula cha kupikwa, au bado ni mikate tu?

Sanduku la mashine limefika zima, na barua yako ndani yake. Kwanza nikulaumu kidogo. Uliandika hivi: "Papa, siku hizi niko na pilote mmoja ananisumbua sana, ila sitamwacha mpaka atulie." Nilimsomea shangazi yako kwa sauti. Kabla sijafungua ukurasa wa pili alikuwa amekwisha kutoka, na ilipofika adhuhuri mtaa mzima ulijua kwamba Karima wa mwalimu Abdulhamid anaolewa na rubani wa ndege. Basi yule rubani wa shirika lenu la misaada aliyeleta sanduku aliporudi jioni kutusalimu, Nyota alimkagua kuanzia viatu.

"Ni huyu? Mbona iko mufupi?"

"Mama, mi nilileta tu sanduku," akasema kijana wa watu.

"Sanduku iko mwanzo muzuri," akamjibu, akamkalisha mbele ya lituma ya ndizi za kupondwa na samaki wa wavuvi wa Wagenia. Kijana alikula vizuri. Nieleze basi ni pilote gani huyo, ili nimtulize dada yangu.

Mashine tumeiweka kwenye zahanati, kama shirika lilivyotaka. Wamenikabidhi mimi kuiangalia, kwa kuwa Daktari Timothée ana wagonjwa na mimi mstaafu nina wakati. Kompyuta iko mezani, redio iko pembeni, na katikati kuna kile kisanduku kinachogeuza maandishi kuwa milio. Siku ya kwanza tulisoma maneno ya zahanati za juu ya mto: wanaomba chanjo, wanaomba dawa ya malaria. Daktari alipiga makofi kama mtoto. Mto umefungwa, barabara ni za askari, na bado mtu anaandika neno kule msituni nasi tunalisoma hapa.

Shida ni moja. Umeme wa bwawa unakuja siku unapotaka, kwa hiyo tunaishi kwa betri. Jioni ninailaza kompyuta kama ulivyoniandikia, alfajiri baada ya sala naja kuiamsha. Inaamka. Taa ya kisanduku inawaka. Lakini hakisikii wala hakisemi. Niite nisiite, kimya. Ni mpaka nizime kila kitu na kuwasha upya, na hapo betri imekwisha kuliwa, nao wenzetu wa juu ya mto, ambao huita alfajiri tu, wamekwisha kufunga.

Mkuu wa shirika wa huku aliniambia wazi, mbele ya Daktari. Mashine ikifika mwisho wa Oktoba bado inaamka kiziwi, wataichukua. Ikitulia, wataweka nyingine kwenye zahanati zote za mto zilizobaki, na fundi wa kuja kuziweka utakuwa wewe.

Mama, sijakuona tangu ulipopanda ndege, kabla ya vita. Daktari anausikiliza moyo wangu kila wiki na kila wiki anabadilisha mazungumzo. Nataka hiki kisanduku kiamke ili wewe uje. Sina sababu nyingine ya kukipenda.

Baba yako,
Abdulhamid

*

Liège, 3 Machi 2001

Papa mpendwa,

Wa alaikum salaam. Mimi mzima, kikohozi kimeisha, na jana nilipika maharage kwa hiyo usiniulize tena. Magoti ni ya kupakwa mafuta ya mawese ya moto, si ya kuachwa yanung'unike. Mwambie tante Nyota amwombe radhi yule rubani.

Pilote wangu si mtu, Papa. Ni programu. Ndani ya kompyuta kuna mfumo endeshi, ambao ndio mkuu wa nyumba. Lakini mkuu huyo hajui lugha ya kila kifaa kinachochomekwa kwake. Kila kifaa kina mkalimani wake, programu ndogo inayojua kukisemesha. Huyo ndiye pilote. Mimi naandika pilote wa kile kisanduku chako.

Sehemu inayonisumbua ni ya kulala na kuamka. Jioni mfumo endeshi unapita kwa kila pilote na kusema, "Tunalala." Hapo pilote akatae kazi mpya, amalize iliyo mkononi, ashike kichwani mambo ya kifaa chake, yaani jina la kituo, masafa na mwendo wa kusema, ndipo akipunguzie umeme. Kuna kusinzia, ambapo kifaa kinabakiziwa umeme kidogo na kinakumbuka kila kitu. Na kuna kuzimika kabisa, ambapo hakipati chochote, na kikirudi hakijui hata jina lake. Asubuhi mambo yanarudi kinyume: umeme kwanza, kungoja utulie, kisha kukumbusha, kazi mwisho.

Tena vifaa tunavipanga kama ukoo. Mlango wa kompyuta ambamo kisanduku kimechomekwa tunauita mzazi, na kisanduku ni mtoto wake. Sheria ni kwamba watoto hulala kwanza na mzazi hulala mwisho. Asubuhi mzazi huamka kwanza, ndipo watoto. Mtoto akiamshwa mapema, anaita na hakuna wa kumjibu. Nilipoisoma sheria hiyo mara ya kwanza, nilikukumbuka ukipita kufunga madirisha, mimi na marehemu mama tukiwa tumekwisha kulala.

Nadhani ni hapo nilipokosea, nimemwamsha mtoto kabla ya mzazi. Nimesahihisha, na disketi ndiyo hii. Ila nisaidie jambo moja. Kwetu kila kitu "kimekufa": courant ya umeme imekufa, baiskeli imekufa, redio imekufa. Mimi nahitaji tofauti. Asubuhi, kisanduku kimelala au kimezimika?

Nataka kuja, Papa. Nimeshaomba nafasi ya kwanza kwenye safari hiyo, na mkuu wangu amesema tuone Oktoba.

Mwanao,
Karima

*

Kisangani, 15 Aprili 2001

Mama Karima,

Salaam nyingi, na shukrani kwa maharage, ambayo yamenishibisha kutoka mbali. Hatujambo. Sabuni imepanda, chumvi inatafutwa, askari wamehamisha kizuizi chao kutoka daraja la Tshopo hadi karibu na soko, basi sasa toleka zinazunguka nyuma ya shule, na abiria anashuka baiskeli akiwa mchafu kuliko aliyetembea kwa miguu. Afya yangu ni ileile. Wewe je? Unalala vya kutosha, au yule pilote anakunyima usingizi?

Nyota amekubali kwamba hakuna bwana harusi. Lakini amekataa kumwomba radhi rubani, anasema samaki aliokula wanatosha.

Disketi nimeiweka kama ulivyoelekeza. Taarifa yangu ni ya mwalimu wa hesabu, kwa hiyo ivumilie. Bado kinaamka kiziwi. Si kila siku. Jumatatu, Jumanne, na siku zinazofuata, kiziwi, labda mara moja moja kinisikie. Jumamosi kinaamka vizuri kabisa, hakijakosa hata Jumamosi moja tangu nianze kuangalia. Nilimwonyesha Daktari Timothée.

"Masini iko Muislamu," akasema. "Inasali Ijumaa, Jumamosi inaamka na baraka."

René, mlinzi wetu, yeye ana maoni yake. "Mwalimu, hii masini iko na kichwa nguvu kama bibi yangu. Unamuongelesha, anakuangalia tu." Mkewe alikuwa anapita dirishani na dumu la maji, akasikia. Mazungumzo yakaisha.

Umeniuliza kama kimelala au kimezimika. Taa yake inawaka asubuhi, kwa hiyo nasema kimelala.

Mama, umerudi kutoka shamba la Masako? Usikawie huko, mawingu yamejaa upande wa msitu na njia ya kilimani inateleza. Mihogo inaweza kungoja.

Baba yako

*

Liège, 20 Mei 2001

Papa mpendwa,

Shikamoo na habari za siku. Mimi mzima, kazi tu. Nimecheka sana kwa shamba la Masako. Umeniona bado natoka shule na kikapu kichwani! Miaka mingapi sijakanyaga huko. Shamba lile nani analilima sasa?

Sasa nisikilize. Hapa mezani kwangu nina kisanduku kama chako, ndugu yake pacha. Nimekilaza na kukiamsha mpaka jirani yangu wa ofisini ameomba kuhamishwa. Kila mara kinaamka vizuri. Kila mara, Papa. Ningefurahi kingekosea hata mara moja mbele yangu. Mkuu wangu ameanza kusema tatizo ni joto la kwenu, au vumbi, au watu. Neno hilo la mwisho amelisema polepole.

Nafikiri sana kuhusu Jumamosi. Kisanduku hakijui kalenda. Kikiamka vizuri Jumamosi, ni kwa sababu ya kitu kilichotokea Ijumaa, au kitu kisichotokea Ijumaa. Wewe uko hapo, unaona kila kitu. Ni nini kinachotokea zahanati jioni nyingine zote na hakitokei Ijumaa?

Jibu upesi. Miezi inakwenda.

Mwanao,
Karima

*

Liège, 8 Julai 2001

Papa,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Rubani amepita kwenu mara mbili, akarudi bila barua yako. Amesema alikuona umekaa barazani, mkasalimiana, na ulipoulizwa kuhusu barua ulisema umekwisha kuituma. Haijafika. Labda iko njiani, labda imebaki Goma kwenye gunia fulani.

Kama ni kisanduku kinachokuzuia kuandika, kiache. Niandikie habari zako tu. Kama ni moyo, mwambie Daktari Timothée aniandikie. Kimya chako kinanifanya nione mambo mabaya.

Mwanao,
Karima

*

Kisangani, 29 Julai 2001

Mwanangu Karima,

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii inakukuta na afya. Mimi leo niko vizuri. Nakuomba ulisome neno "leo" kama lilivyo. Ni asubuhi, nimekunywa chai, na kichwa changu ni changu.

Barua niliyodai nimeituma, nimeikuta ndani ya kabati. Ilikuwa na salamu peke yake.

Nilipopata swali lako kuhusu Ijumaa, nililichukua kama nilivyowafundisha wanafunzi wangu: andika kila kinachobadilika, futa kinachobaki sawa. Joto ni lilelile. Betri ni ileile. Daktari yupo, René yupo. Ijumaa mimi huenda msikitini mchana na sirudi, René ndiye anayefunga. Nikafuta yote mengine. Kilichobaki ukurasani kilikuwa jina langu. Nilikunja karatasi, na wiki kadhaa nikajifanya sijaifanya hesabu ile.

Kisha jioni moja René alinikuta chumba cha mashine. Nakuandikia mazungumzo kama yalivyokuwa, maana ameyarudia mbele yangu mara nyingi kwa ombi langu.

"Mwalimu, unafanya nini?"

"Ninafunga."

"Hii waya, ni wewe unaitoaka?"

"Waya gani?" nikamuuliza.

Waya ilikuwa mkononi mwangu, Karima. Waya ya betri inayolisha kisanduku.

René alikaa chini. "Kila asubuhi naikuta inje," akasema. "Nilisema ni panya. Nikamuwekea panya mutego. Waya mi narudisha tu mbele ufike, sikutaka kukusumbua, mwalimu."

Ndiyo hivyo. Jioni mimi nachomoa, alfajiri René anachomeka, na mimi nikifika naona taa inawaka, nakuandikia kwamba kimelala. Hakuna aliyesema uongo. Maisha yangu yote nimechomoa vitu kabla ya kwenda kulala, tangu radi ilipoichoma redio ya baba yangu. Mikono yangu ina desturi yake, na siku hizi haimwambii tena mwenye mikono.

Mashine yenyewe imejaribu kunionya. Inapokwenda kulala inaandika kwenye kioo mise en veille. Mimi nimefundishwa Kifaransa na mapadri kwa fimbo, najua veille si kulala. Ni kukesha. Wewe uliniandikia "inalala", na aliyelala unamzimia taa. Anayekesha unamwachia. Macho yangu yalisoma kioo, mikono yangu ikasoma barua yako, mikono ikashinda.

Sasa nikuambie lililobaki, kwa sababu Daktari amenieleza wazi kuhusu moyo wangu na sitaki kuondoka nikiwa nimekuficha. Si waya tu. Ile habari ya shamba la Masako haikuwa mzaha. Nilikupa jina la mama yangu, na tangu uzaliwe nakuita Mama, kwa hiyo hata wewe hukuweza kujua. Siku ile sikukuandikia wewe. Nilimwandikia yeye, nilikuwa mdogo, mawingu yalikuwa yamejaa, na alikuwa amekawia shambani. Niliposoma jibu lako nikaelewa, nikakaa siku nzima na aibu. Juzi nilimwita Nyota kwa jina la jirani. Naenda sokoni na kurudi kwa sababu René amemwagiza mwendesha toleka mmoja anifuate polepole nyuma. Anadhani simwoni.

Waambie shirika ukweli. Kisanduku hakina ubovu, mwangalizi ndiye mbovu. Waweke mtu mwingine. Kitaamka kila siku kama Jumamosi, na wewe utakuja.

Na utakapokuja, kuna jambo nakuomba nikiwa bado naweza kuomba. Ukinikuta nakutazama kama mtu wa kupita, usiniulize, "Papa, unanikumbuka?" Swali hilo wananiuliza, na ni kama kumulikwa tochi usoni. Anza mwanzo. Niambie wewe ni nani, mtoto wa nani. Niambie mimi nilikuwa mwalimu, na kwamba nilikuwa nafunga madirisha. Kisha ngoja kidogo. Uliandika mwenyewe: umeme kwanza, kungoja utulie, kisha kukumbusha.

Baba yako,
Abdulhamid

*

Liège, 26 Agosti 2001

Papa wangu,

Shikamoo, Papa. Shikamoo tena. Barua yako niliisoma kwenye basi nikapitiliza kituo changu, na kingine, mpaka dereva akaja kuniuliza kama nina mahali pa kwenda.

Kwanza, neno lilikuwa langu na lilikosea. Ningeandika "inakesha", ungeiachia taa. Kuanzia leo kisanduku hakilali, kinakesha.

Pili, nimepata kosa, na ni la pilote wangu, Papa. Nilimwandika hivi: kompyuta ikiamka, chukulia kwamba kisanduku kilikuwa kinasinzia tu na kinakumbuka kila kitu, usipoteze muda kukikumbusha. Hiyo ni fikra ya mtu anayekaa Liège, ambako waya ukichomekwa unabaki umechomekwa. Kisanduku chako kilikuwa kimezimika usiku kucha. Asubuhi kilirudi hakijui jina lake wala masafa yake, na pilote akaanza kukitupia maneno kana kwamba jana haijaisha. Kingejibu nini? Hakikuwa kiziwi. Kilikuwa kinangoja mtu akiambie kiko wapi. Hapa mezani hakikukosea kwa sababu sikuwahi kuchomoa waya. Nilipouchomoa, kilikosea mara ya kwanza ileile. Nilipiga kelele za furaha, na yule jirani akasema sasa anahama kweli.

Pilote mpya habahatishi chochote. Kisanduku kikiamka, kwanza anahakikisha mzazi wake yuko macho. Kisha anakiuliza kwa upole, "Wewe nani?" Kikijibu jina la kituo, kazi inaendelea. Kikikaa kimya, pilote hakikaripii. Anakiambia jina lake, masafa yake, mwendo wake, anangoja, anauliza tena. Disketi ndiyo hii.

Tatu. Niliwaambia shirika ukweli wote, kama ulivyotaka. Mkuu wangu akasema, "Basi tubadilishe mwangalizi." Nikamwambia zahanati za mtoni zitakuwa na watoto wanaovuta waya, mbuzi wanaokata waya, askari wanaoiba betri na kuirudisha, na hatuna mtu anayejaribu mashine vizuri kama Abdulhamid wa Tshopo. Alifikiri kidogo, akacheka, akasema ubaki.

Kwa hiyo kazi yako ni hii: endelea kuchomoa. Usijilazimishe kukumbuka, wala usijilazimishe kusahau. René aendelee kurudisha. Kama pilote wangu ni mzuri, kisanduku kitaamka siku zote za wiki, nanyi hamtahitaji kubadilika.

Na lile ombi la mwisho nimelisikia. Nitaanza mwanzo. Nikihitajika kuanza mwanzo kila asubuhi, nitaanza kila asubuhi. Nimemwandika pilote afanye hivyo bila kuchoka, sitashindwa naye.

Mwambie yule mwendesha toleka nitamletea kofia.

Mwanao,
Karima

*

Ujumbe kwa redio, Kisangani, 9 Oktoba 2001

Kwa Karima. Salaam. Sisi wazima. Hii ni Jumanne, si Jumamosi. René anasema jana nilichomoa, na leo kisanduku kimeamka, kikaita juu ya mto, wakajibu wote. Tangu disketi ifike hakijakosa. Daktari anasema masini imeacha dini, sasa inasali kila siku. Panya amesamehewa. Mkuu wa shirika alikuwa hapa, amesimama nyuma yangu, anasema nikuandikie ufunge mizigo. Nimemwomba aliseme tena ili niliandike sawasawa. Funga mizigo. Baba yako.

*

Ujumbe kwa redio, Liège, 10 Oktoba 2001

Kwa Papa. Shikamoo. Nimesoma ujumbe wako nimesimama juu ya kiti. Naja kupitia Goma, Novemba, kabla ya Ramadhani, na yule rubani mfupi. Tante Nyota asimwandalie kitu. Madirisha uyafunge mwenyewe mpaka nifike. Mwanao.

*

Nyumbani, Jumamosi, 10 Novemba 2001

Karima,

Hujambo asubuhi hii? Umelala salama? Nakuuliza kwa karatasi kwa sababu bado umelala chumba cha pili, na sitaki kukuamsha.

Nyota amenieleza habari za jana, maana mimi sinazo. Anasema ulipoingia nilikutazama kama mtu aliyekuja kuuza sabuni, nikakuambia hatununui. Anasema yeye alianza kulia, na wewe hukulia. Ulikaa kwenye mkeka, ukasema, "Mimi ni Karima, mtoto wako. Nina jina la mama yako." Ukaniambia nilifundisha hesabu na nilikuwa nafunga madirisha. Ukangoja. Nikauliza tena wewe nani. Ukaanza tena. Anasema ulirudia mpaka chai ikapoa, na sauti yako haikupanda hata mara moja. Mwishowe nikasema, "Karibu, basi, kaa," na nikakuuliza kama unakula chakula cha kupikwa. Nyota hajui kama nilikuwa nimekujua au ni heshima tu. Mimi pia sijui.

Leo nakuambia ninachokijua. Nimeamka kabla ya adhana. Nimepita mlangoni kwako, nikaona mguu wako mmoja uko nje ya chandarua, kama ulivyokuwa unalala ukiwa mdogo, ukiliwa na mbu na kukataa kufunikwa. Hakuna aliyekuwa ameniambia neno. Nilijua. Nimeurudisha mguu ndani, ukanung'unika, nikajua zaidi.

Nimekaa hapa mezani nikifikiri juu ya ile sheria yako ya vifaa, mzazi alale mwisho na aamke kwanza. Asubuhi hii nimeitimiza sehemu ya pili. Sehemu ya kwanza sitaitimiza, mwanangu, na sikuitaka kamwe. Mashine ina mpango wake, sisi tuna wetu. Mimi nitalala kwanza, si mbali sana, na wewe utakuwa macho. Hicho ndicho nilichokuwa nakuitia uje, zaidi ya kisanduku. Nilitaka siku ile ikifika awepo mtu anayejua kufunga madirisha haya, hasa lile la jikoni, ambalo lazima ulinyanyue kidogo kabla ya kulisukuma.

Adhuhuri labda nitakuuliza wewe nani. Unajua la kufanya. Nawe ukichoka, nionyeshe karatasi hii, mwandiko nitautambua.

Sasa naenda zahanati kabla wenzetu wa juu ya mto hawajaita. Mwendesha toleka amesimama nje na kofia yake mpya, anajifanya anatengeneza mnyororo. Nyota amekwisha kuuliza mara mbili rubani amelala wapi na kama ameoa. Chai iko mezani, nimeifunika.

Baba yako,
niliyeamka kwanza